Kanga kwenye Bunduki ya Malimi

Mwaka ule wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua pamba, Malimi, mnunuzi wa Kasoli, alimpelekea Mzee Mboje, fundi wa Bariadi, bunduki kuukuu ya mitutu miwili aliyorithi kwa baba yake. Mboje alikagua kibali kwanza. Kisha akaunda kitako kipya cha mninga, akakipima begani mwa Malimi mpaka kikamkaa sawasawa.

"Sasa nichoree tembo hapa kwenye chuma," Malimi akasema.

"Umewahi kumpiga?"

"Aa, baba! Si pambo tu?"

"Tembo utampiga kwa marisau? Hii ni ya ndege. Mkono wangu hauchori uongo. Kama hutaki, ichukue ilivyo."

Malimi alinuna, lakini akaiacha.

Kwa wiki mbili Mboje alichonga ndege kanga kwenye chuma kile kwa tindo ndogo, doa baada ya doa. Malimi alipokuja kuichukua, alipitisha kidole juu ya yale madoa.

"Marehemu baba alikuwa akiwapiga hawa kule Nkololo," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nawanyonyoa. Mbona hujaweka jina lako, baba?"

Mboje akanyoosha mgongo. "Watu watakuuliza ni kazi ya nani. Utawaambia."