Mfalme Aliyefungua Lango

Nikinusa kitenge kipya kabla hakijaguswa na maji, ile harufu yake ya rangi na wanga, narudi moja kwa moja kwenye darasa letu pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Jua linachoma mabati, na mwenzetu Bwambale amesimama juu ya dawati, kitenge cha mama yangu begani. Siku ile alikuwa mfalme.

Tulikuwa tukisoma tanzia ya kale. Mfalme ameapa kwamba, kwa sababu ya tauni, lango la mji halitafunguliwa kwa yeyote. Kisha binti yake anarudi kutoka safarini, mfalme anashika kiapo, na binti anafia nje. Mwalimu wetu, Madam Biira, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alitufundisha kuisoma kwa kubadilisha miwani.

"Leo vaeni miwani ya dosari," alisema. "Nini ndani ya mfalme kilimwangusha? Kesho miwani ya utawala: nani alifaidi lango likifungwa? Halafu miwani ya wale ambao hawapewi neno."

Lo, tulivyogombana! Mimi nilipiga meza: kiburi, kiburi tu! Hata nyumbani sikupoa. Nikamwambia baba kwamba dosari yake ni ukaidi. Akaniambia nimalize kwanza bundu yangu, ule ugali wetu wa muhogo, ndipo nimhakiki.

Binti wa mfalme aliigizwa na Kavira, msichana aliyekimbia vita kule Beni akaja kuishi kwa shangazi yake. Kiingereza kilimshinda, akawa hasemi darasani. Madam alimpa nafasi ile kwa sababu binti hana maneno, anabisha mlango tu. Na tuliigiza kwa Kiswahili cha sokoni, ili kila mtu afuate.

Basi Kavira akabisha kutoka nje. Bwambale akanguruma kiapo chake, nasi tukasisimka mpaka vidoleni. Mara ikasikika sauti ambayo haikuwamo katika tamthilia.

"Papa, fungula! Ni miye, mutoto yako! Niko peke yangu huku inje!"

Bwambale alisahau maneno yake. Akaruka kutoka dawatini, kitenge kikaanguka, akaufungua mlango kwa mikono miwili.

"Bwambale! Umeiua tanzia!" Madam alipiga kelele, lakini macho yake yalikuwa yanacheka.

"Madam, nimeshindwa. Huyu mtoto iko analia, nitafunga aje?"

Kukawa vurugu tamu. Je, bado ni shujaa wa tanzia? Na kiapo? Na tauni? Au ni miungu iliyopanga yote? Kavira, mashavu yamelowa, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "Mfalme alisikia sauti yake! Alijua ni mutoto wake! Musiseme ni miungu!" Kengele ya chakula ililia, hakuna aliyetoka.

Tangu siku ile Kavira hakunyamaza tena, mpaka Madam akawa anamwomba awaachie na wengine.

Wakati ule nilidhani tumeharibu mchezo kwa raha yetu. Miaka mingi baadaye, nami nikiwa mwalimu wa fasihi Kasese, ndipo nilipoelewa. Tanzia haituumizi kwa sababu mfalme hakuwa na njia. Inatuumiza kwa sababu mpaka pumzi ya mwisho ya yule mtoto, komeo lilikuwa upande wa baba yake.