Fulana Zenye Uso wa Mjukuu Wangu

Nilipaswa kukataa pale pale, mchapishaji wa fulana aliponiomba picha ya mjukuu wangu. Sikukataa. Nilifungua simu, nikamtumia.

Nilikuwa rais wa kilabu ya mbio hapa Buyenzi, na yeye alikuwa mwanachama. Kila Jumamosi asubuhi tulikimbia kwa kundi tukiimba na kupiga filimbi, kama wafanyavyo watu wa mitaa yote ya Bujumbura. Mjukuu wangu, msichana wa miaka saba, alikuwa na saratani ya taya. Daktari aliyemtibu alituambia kwamba watoto wengi wenye uvimbe kama ule huletwa wakiwa wamechelewa, naye alitaka kuchunguza kwa nini. Alikosa friji ya kuhifadhia sampuli, na mafuta ya gari ya kuwafuata watoto majumbani. Nikamwahidi kwamba kilabu itachangisha. Tungeuza fulana, na kila mnunuzi angekimbia nasi Jumamosi moja hadi mtaa wa Kigobe.

"Prezida, fulana tupu haiuzi," mchapishaji aliniambia mbele ya wenzetu. "Watu wanataka kuona mutoto mwenyewe."

"Mama yake hajui."

"We si ni babu yake? Ao kwa binti yako we ni mupangaji?"

Wakacheka. Nami nikacheka, nisionekane mzee asiye na kauli kwa watoto wake. Picha ile binti yangu alikuwa amenitumia mimi peke yangu: mtoto hana nywele, shavu limevimba, anatabasamu. Chini yake aliandika, "Ya kwako tu, baba."

Kuna jambo jingine nililijua nikalinyamazia. Kwetu, fulana yenye sura ya mtu huvaliwa msibani. Mwezi mmoja kabla tulikuwa tumemzika mwanakilabu mwenzetu, tukamsindikiza makaburini sote tumevaa uso wake kifuani. Aliyezichapisha alikuwa huyo huyo, kwa kitambaa cheupe kile kile. Lakini chini ya picha ya mjukuu wangu aliandika jina la kilabu, kisha jina langu na cheo changu. Nilipoliona jina langu, mengine yote niliyasahau.

Fulana zilikwisha kabla ya Jumamosi. Tulipita Mutanga Nord, anakoishi binti yangu. Njia hiyo niliichagua mimi. Nilitaka mtoto atuone. Alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, nasi tukasimama getini tukamwimbia. Akainuka, akatutazama vifuani mmoja mmoja. Kisha akaniuliza, bila kulia:

"Babu, mi nilikufa?"

Wimbo ukakatika. Mmoja wa walio nyuma hakuwa amesikia, akaendelea kupiga filimbi.

"Apana, mama wangu. We ni muzima."

"Sasa mbona mumenivaa?"

Binti yangu alitoka jikoni, mikono ina unga. Akaisoma fulana yangu mpaka chini.

"Baba, hata jina yako uliweka."

"Ni ya uchunguzi, mwanangu. Isaidie watoto wengine."

"Watoto wengine. Na huyu ni wa nani?"

Akambeba mtoto, akaingia naye ndani.

Baada ya siku hiyo mjukuu wangu alikataa kwenda hospitali. Alisema wakimlaza kule watamzika. Alikosa dawa ya saratani ya kutiwa mshipani mara mbili. Daktari alinipigia simu.

"Muzee, wanaochelewa ndio nilikuwa natafuta," alisema. "Sasa wa kwako naye ameingia humo."

Nilimwomba samahani yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kwenye simu.

Binti yangu alimrudisha mtoto kwenye dawa kwa kumbembeleza wiki nzima, na baadaye akapona. Habari hiyo niliipata kwa jirani yao. Friji ilinunuliwa, na daktari anasema inamfaa sana katika uchunguzi wake. Watu wa Buyenzi bado wananisifia. Nami nilikwenda Mutanga Nord mara tatu kuomba msamaha, na mara zote tatu mtumishi wa nyumbani alinijibu getini kwamba mama ametoka, huku nikisikia sauti ya binti yangu ndani.

Picha ile ilinigharimu binti yangu wa pekee na mjukuu wangu. Wote wawili wako hai, dakika chache tu kwa gari kutoka kwangu, na hawataki kuniona.