Aproni za Mama Ndoo

Mama Ndoo alikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume, na kazi hiyo watu huiona pale tu isipofanywa. Sakafu iking'aa hakuna anayeuliza nani kapiga deki. Mtu akiteleza, jina la mhudumu hufika hadi kwa mganga mkuu. Kwa miaka kumi na tisa alisukuma ndoo yake ya magurudumu kutoka kitanda cha kwanza hadi cha thelathini na mbili, gurudumu moja likilalamika njia nzima, na wagonjwa waliolazwa kifudifudi walijua kwa kelele hizo kwamba kumekucha. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye orodha ya zamu tu.

Wageni waliruhusiwa wodini Jumatano na Jumapili, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Siku nyingine, ndugu hata angelia damu, mwisho wake ulikuwa getini. Wauguzi walikuwa wawili kwa vitanda vyote vile, na mtu ana mikono miwili, si kumi. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kushika kijiko aliwekewa bakuli kando ya kitanda, na baada ya nusu saa bakuli liliondolewa likiwa vilevile lilivyoletwa. Aliyeliondoa ni Mama Ndoo. Katika mwaka wake wa kwanza aliyaondoa mabakuli hayo akiyahesabu.

Hakuandika barua kwa mtu. Kwenye stoo ya usafi palikuwa na aproni sita za bluu, na yeye alihitaji moja tu. Asubuhi moja, saa kumi na mbili, alifungua mlango wa nyuma wa chumba cha dobi, akamwingiza mama wa kijana aliyevunjika mikono yote, akamvika aproni na kumkabidhi dekio. "Piga deki vitanda viwili, halafu ukae kwa mwanao. Ukiulizwa, wewe ni kibarua." Kuanzia hapo aproni hazikukaa stoo tena. Zilivaliwa na wake, na kaka, na shangazi, siku moja hata na mkwe aliyekuwa hasemezani na mgonjwa wake. Muuguzi alimwona "kibarua" akimlisha mtu huku machozi yanamtoka, akapita na sindano zake akitazama dirishani. Metroni, mkuu wa wauguzi, alihesabu vibarua watano kwenye wodi yenye mhudumu mmoja, akasema, "Leo wodi imetakata," akaenda zake. Kila mtu alijua, na hakuna aliyejua. Jambo hilo liliishi hivyo, bila kutajwa hata siku moja, na kwa sababu hiyo liliishi.

Kisha akaja mtafiti.

Alikuwa binti wa chuo kikuu, mpole, mwenye barua ya ruhusa iliyopigwa mihuri mitatu na daftari lisilotoka mkononi. Wodi nzima ikamwita Dada Daftari kabla hajamaliza kujitambulisha. "Sikuja kuhoji watu," alieleza. "Nimekuja kukaa nanyi, nione siku inavyokwenda."

"Kukaa?" Mama Ndoo alimtazama kuanzia viatu. "Hapa wanaokaa ni wagonjwa, mwanangu. Sisi wengine tunasimama."

Siku ya tatu madaktari walipozidi kumuuliza wewe ni nani na umesimama hapa kwa nini, Mama Ndoo alimwonea huruma akamvika aproni. Basi mtafiti naye akawa kibarua. Alipiga deki vibaya, akiacha madimbwi nyuma yake kama bata, lakini kwa miezi minane alikuja kila siku, na kwa kweli alikuwa mtu wa kusikiliza. Wagonjwa walimpenda. Mmoja alimtangazia posa akiwa bado na mpira wa mkojo.

Ilikuwa katika mwezi wa saba wa utafiti wake alipoletwa fundi viatu. Mzee huyo kiharusi kilimchukua upande wa kulia pamoja na maneno yote. Kumeza kulimpa taabu. Kijiko kikienda haraka, alipaliwa mpaka midomo ikageuka rangi. Akaogopa, na akawa anafumba kinywa kwa kila mkono uliomkaribia, isipokuwa mkono mmoja. Mkewe, bibi wa miaka sabini na ushei, mgongo umepinda, alikuwa na namna yake. Aliweka kijiko kwenye mdomo wa chini, akangoja. Akambonyeza taratibu chini ya kidevu kwa dole gumba, akangoja tena. Bakuli moja la uji lilikula saa nzima, lakini liliisha. Bibi hakuweza kupiga deki hata kitanda kimoja, kwa hiyo Mama Ndoo alimvika aproni ikamfika miguuni, akampa kitambaa kikavu. "Wewe mama, kazi yako ni kufuta hewa," alimwambia, na bibi akacheka hadi akashika kiuno.

Daktari alisema waziwazi: mzee akila, ataishi; asipokula, hana wiki mbili. Kwa hiyo maisha ya fundi viatu yalining'inia kwenye ule mlango wa dobi, na funguo alikuwa nazo Mama Ndoo.

Mchana mmoja mtafiti na Mama Ndoo walikaa stoo, kila mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, wanakunywa chai. Mtafiti akauliza, "Mama, kazi hii nani alikufundisha?"

Hapa tusimhukumu haraka. Kwa miaka kumi na tisa Mama Ndoo alikuwa ameulizwa dekio liko wapi, sabuni imeisha lini, na nani kaacha ndoo njiani. Kuhusu kazi yake, hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mumewe. Alifurahi, na furaha ikamfungua mdomo. Alieleza aproni, alieleza mlango wa dobi, namna alivyochagua nani aingie na nani angoje kesho, muuguzi gani hutazama dirisha na yupi hutazama saa. Alirudia hata maneno ya metroni, kwa sauti ya metroni. Chai ikapoa.

"Naweza kuyaandika haya?" mtafiti aliuliza. "Nitabadilisha majina yote."

"Andika, mwanangu. Si nimesema mwenyewe?"

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Walisahau kusema kwamba mdomo ulioombwa kwa adabu ndio huponza zaidi.

Ripoti ya mtafiti ilitoka mwezi uliofuata, fundi viatu akiwa bado wodini, na watumishi wote wakaitwa ukumbini siku ya Ijumaa. Mama Ndoo alipoona karatasi mkononi mwa katibu wa hospitali, alikaa benchi la mwisho. Katibu akaanza kusoma. Majina yalikuwa yamebadilishwa kweli, lakini mhudumu wa miaka kumi na tisa kwenye wodi ya wanaume alikuwa mmoja tu chini ya paa lile, na shingo zote ziligeuka kumtazama. Alijua amekwisha.

Kumbe katibu alikuwa anatabasamu. "Tumekuwa na hazina humu ndani bila kujua," alisema. "Huyu mama ametufundisha sote." Watu wakapiga makofi. Wauguzi wakapiga makofi, metroni akapiga makofi huku amekodoa macho ukutani. Mtafiti, kwenye benchi la mbele, alikuwa anafuta machozi ya furaha. Mama Ndoo alisimama, akainama kidogo, naye akalia. Hakuwahi kupigiwa makofi maishani, hata siku ya harusi yake mvua ilinyesha watu wakakimbia.

Ndipo katibu akafunua karatasi ya pili. Jambo zuri kama hili, alisema, haliwezi kuendeshwa kienyeji. Sasa litakuwa Mpango wa Ndugu Wasaidizi. Ndugu atajaza fomu, ataleta barua ya serikali ya mtaa na picha mbili. Atapimwa kifua na macho, na atahudhuria mafunzo ya siku tatu. Umri usizidi miaka sitini, kwa usalama wake mwenyewe. Mama Ndoo atakuwa mratibu. Akabandikwa beji kifuani pale pale. Jumapili usiku mlango wa dobi ulitiwa kufuli mpya, kwa kuwa haukuhitajika tena.

Jumatatu asubuhi bibi alikuwa nje ya geti, chupa ya uji kwapani.

"Mwanangu, nimezunguka kule nyuma. Kumefungwa."

"Ndiyo, mama. Siku hizi kuna fomu."

"Nipe basi nijaze."

Mama Ndoo alikuwa na fomu mkononi. Pale penye umri aliangalia muda mrefu. Alifikiria kuandika hamsini na nane, lakini kitambulisho kilitakiwa kiambatanishwe, na mgongo wa bibi ulikuwa kitambulisho tosha. "Subiri hapa," alisema.

Alikwenda kwa katibu. Katibu hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa rahisi, mtu angemtukana moyoni akapumua. Alimkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mama, hata mimi naumia. Lakini nikimpitisha mmoja nje ya utaratibu, kesho watakuja mia. Zamani ningeweza kusema sikujua. Sasa imeandikwa." Akafikiri kidogo. "Tafuteni ndugu mwingine, kijana."

"Hawana, bwana. Walizaa mmoja, wakamzika."

Katibu alitazama meza yake. Akavaa miwani, akamrudishia Mama Ndoo fomu.

Alimpigia simu mtafiti. Akamweleza kuhusu kufuli, fomu na bibi wa getini. "Mama, nisamehe. Nilibadilisha majina yote."

"Najua, mwanangu. Si majina."

"Niandike barua? Niongee nao?"

"Umeshaandika," Mama Ndoo alisema. Hakuwa na hasira aliposema hivyo, na mtafiti aliandika barua hata hivyo. Ilipokelewa, ikapigwa muhuri.

Basi akarudi getini, chupa akaichukua mwenyewe. Alikaa kitandani kwa fundi viatu, akaweka kijiko kwenye mdomo wa chini kama alivyomwona bibi akifanya, akangoja. Mzee alimtazama. Alimjua vizuri, alikuwa amecheka naye. Akafumba kinywa. Mama Ndoo akambonyeza chini ya kidevu kwa dole gumba, akabembeleza, akaimba kidogo, akamwita baba. Kijiko kimoja kiliingia, mzee akapaliwa, muuguzi akaja mbio. Viwili vingine vilimwagikia shingoni. Kisha mzee akageuza uso ukutani, na mkono wake mzima ukaishika shuka kana kwamba kuna mtu anamnyang'anya.

Chupa ilikuwa bado imejaa. Mama Ndoo akasimama nayo, akafikiria yule bibi kule getini, akaenda kwenye sinki.

"Amekula?" bibi aliuliza alipoletewa chupa tupu.

"Amekula, mama."

Jumanne ilikuwa hivyo hivyo, ila mzee hakupokea hata kijiko cha kwanza. Daktari aliamuru mpira wa kumlishia kupitia puani, mzee akauchomoa. Wakamtundikia dripu. Mama Ndoo alimwaga uji, akasuuza chupa vizuri, akaipeleka getini.

"Wote?" bibi aliuliza, akiitikisa chupa.

"Wote, mama."

Uso wa bibi uling'aa kama wa msichana. "Basi kesho nitamwongezea sukari. Mwenye afya ndiye hutaka tamu."

Usiku huo Mama Ndoo hakumeza chakula. Alimwambia mumewe ni jino.

Jumatano saa kumi jioni geti lilifunguliwa, na bibi aliingia na wageni wengine, mlango wa mbele, bila aproni. Alipofika kitanda cha kumi na nne alisimama. Mashavu ya mzee yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, ngozi ya mkono imelegea kwenye sindano. Bibi alivuta kiti. Aliketi, akafungua chupa, akaweka kijiko kwenye mdomo wa chini. Akangoja. Dole gumba likagusa kidevu. Kinywa kilifunguka, na uji ukashuka.

Aliendelea kumlisha. Kitanda cha jirani watu walikuwa wanacheka habari za nyumbani, mtoto analia, mtu anamenya chungwa. Mama Ndoo alisimama kwenye miguu ya kitanda na beji yake kifuani, akaona kijiko baada ya kijiko kikienda na kurudi kitupu. Chupa haijafika nusu, mlinzi akagonga kengele.

Wageni walianza kuinuka. Kuwatoa wageni kwa wakati ilikuwa kazi ya mratibu, imeandikwa kwenye mpango, ukurasa wa pili.

"Mwanangu," bibi alisema, macho yake kwenye kijiko. "Ule wa juzi na jana ulikuwa unaumwaga wapi?"

Mama Ndoo alifunika beji yake kwa kiganja. "Kwenye sinki, mama."

Bibi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizia njia akaonyeshwa. "Naomba vijiko viwili tu."

Akampa viwili. Akampa cha tatu. Wodi ilikuwa imebaki na wagonjwa tu, na mlinzi aliyeshika komeo aliita kutoka mlangoni, kwa heshima zote, "Mratibu, tunakungoja wewe."

Mama Ndoo alimshika bibi kiwiko, akamwinua. Bibi hakubisha, alikuwa mwepesi mno. Walipofika kitanda cha kumi Mama Ndoo aligeuka. Mzee alikuwa bado ameacha kinywa wazi, anangoja.