Povu Mdomoni mwa Tomi

Sisi tuliokulia Chekalini, watu wa mwisho mwisho wa darasa la nane, tukikutana huwa tunaanza na chakula. Mmoja atataja nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha tuliyobeba shuleni ndani ya mkebe, na mwingine atakumbuka jinsi kifuniko kilivyokwama mpaka kengele ikalia na njaa iko palepale. Kisha tutafika kwenye michezo. Tulicheza kati, tukikwepa mpira wa makaratasi, tukaruka bladda, kamba ya mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu, tukacheza kalongo nyuma ya nyumba, tukipika udongo na kumlaumu aliyekuwa baba kwamba hakuleta sukari. Watoto wa siku hizi ukiwaambia wacheze nje wanakuuliza nje kuna nini.

Mimi huwa nasikiliza na kucheka. Siku moja wenzangu walianza kuhesabu majina ya mbwa wa kwao, zamu ikanifikia, nikasema Tomi, nikaishia hapo. Ya Tomi ni marefu, na sikuweza kuyasema mbele ya watu. Nimeona afadhali niyaandike.

Mnakumbuka mbwa wa enzi zetu. Hakuwa mnyama wa kubebwa. Alikuwa mfanyakazi, analipwa ugali uliokwaruzwa sufuriani, analala chini ya ghala la mahindi na haingii nyumbani hata mvua ikinyesha. Juzi mjini Kakamega nimeona mbwa amevalishwa sweta. Tomi angeona sweta inamjia angehama boma.

Alikuwa na rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na lingine limelala. Wakati wa mavuno alilinda mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai, na kuku wa kwetu walimwogopa kuliko walivyotuogopa sisi. Kazi ya kumlisha ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Baba aliniambia huyo mbwa ni wangu, na nyumbani kwetu maana yake ilikuwa kwamba mbwa akikosa, nachapwa mimi.

Mashamba yetu yalikuwa ya wazungu zamani, na seng'enge zao kuukuu bado zilikuwa zimejificha ndani ya ua. Jumatatu moja Tomi alikimbiza mbuzi wa jirani, akapenya chini ya waya, akarudi paja la nyuma limepasuka kama gunia. Ngozi ilikuwa imekunjuka, na ndani nikaona nyama nyekundu inayong'aa. Sikuwa nimejua kwamba mbwa ana nyama kama ile inayouzwa sokoni.

Mama alichemsha maji akatia chumvi, akayaacha yapoe, tukamwosha. Kisha nikachuma majani ya maua malulu, yale machungu yenye maua ya njano yanayoota kwenye ua wa kila boma, nikayatwanga, nikayabandika, nikafunga kwa kitambaa cha sare yangu ya zamani. Tomi alikifungua kwa meno kabla sijamaliza kunawa mikono. Nikafunga tena, akafungua tena. Akiwa hafungui alikuwa analamba.

Baba alikuwa fundi wa mawe, na wiki hiyo alikuwa na kazi Matete. Kabla ya kuondoka alimtazama Tomi kwa mbali, mikono mfukoni.

"Jumamosi nikirudi nikute ananuka, sitaki kumwona hapa," akasema.

Sote tulijua mbwa asiyetakiwa huenda wapi. Kwa hiyo wiki nzima nilikimbia kutoka shuleni, naosha, nabandika, nafunga, nafukuza nzi. Jumamosi asubuhi nilipoinama kumfungua, harufu ilinipiga usoni. Nikafungua kitambaa nikaona kidonda kinacheza. Nilidhani nyama yenyewe inapumua. Nilipoinama karibu zaidi nikaona ni funza, weupe, wengi, vichwa vimezama ndani.

Baba angefika saa nne. Mama alikuwa jikoni anawapikia watu wa kupiga mahindi, hakuwa na nafasi ya mbwa. Nikaenda stoo, nikapanda juu ya debe, nikashusha chupa ya dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Nilijua ukiichanganya na maji inageuka nyeupe kama maziwa. Sikujua kiasi cha maji, nikaweka kidogo ili iwe kali. Nikaimimina kwenye kidonda. Funza walitoka wakijinyonga, wakadondoka chini mmoja mmoja. Nilifurahi sana. Nilijiona daktari. Nikafunga kitambaa, nikarudisha chupa mahali pake, nikaenda kumsaidia mama.

Mnakumbuka siku ya kupiga mahindi. Majirani wanakuja na fimbo zao, magunzi yanarushwa, vumbi linaingia puani, na kutoka jikoni kunanukia ingokho, jogoo aliyekuwa anawika asubuhi hiyohiyo. Baba Wafula, jirani yetu wa upande wa chini, alitangaza kwamba anapiga mahindi kwa ajili ya paja la huyo kuku, na atakayelichukua apewe pia kazi yake. Watu wakacheka. Baba alikuwa amefika, ameshika fimbo, anacheka pia.

Ndipo Tomi akatoka chini ya ghala.

Alitembea kama mtu aliyekunywa busaa ya jana. Mwili wote ulikuwa unatetemeka, na povu jeupe lilining'inia mdomoni mpaka chini. Kitambaa kilikuwa kinaburuta nyuma, kimeng'olewa. Kidonda kilikuwa kimelambwa kikawa safi.

"Ana kichaa," akasema Baba Wafula, na sauti yake haikuwa ile ya mzaha.

Akina mama walikusanya watoto wakawasukuma ndani. Wanaume walijipanga nusu duara bila mtu kuwaambia. Hakuna aliyehitaji kwenda kutafuta fimbo, zote zilikuwa mikononi. Tomi alianguka kwa magoti ya mbele, akainuka, akaendelea kuja. Alikuwa anakuja kwa baba.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni. Nilikuwa najua, peke yangu kati ya watu wale wote, na sauti haikutoka. Tulilelewa kwamba wakubwa wakiongea mtoto anatazama chini. Nilifungua mdomo ukabaki wazi. Nilichoweza ni kukimbia stoo, nikachukua chupa, nikapita katikati ya wanaume. Nilisikia mama akiniita kwa jina langu lote. Nikasimama mbele ya baba nikamnyooshea chupa.

Alinisukuma pembeni kwanza. Kisha akaiona.

"Hii umetoa wapi?"

"Kwa stoo."

"Umeiweka wapi?"

"Kwa kidonda. Ndio funza wakufe."

"Nani alikuonyesha kuweka dawa ya ng'ombe kwa kidonda cha mbwa?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa jibu la kumpa mtu mzima mbele ya majirani. Nikainua mkono, nikamwonyesha yeye kwa kidole.

Hapo lazima niwaambie habari za Polisi. Huyo ndiye mbwa tuliyekuwa naye miaka miwili kabla, mkubwa, mweusi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyepita njia bila kuhojiwa naye. Alikatwa kwa panga mgongoni karibu na mkia. Baba akamwekea dawa ya kupe, kama alivyowafanyia ng'ombe siku zote wasidhurike, maana ng'ombe hailambi yote kama mbwa. Siku hiyohiyo Polisi akatokwa na povu. Baba na Baba Wafula na wengine wakamwua kwa fimbo nyuma ya choo, na kwa miezi baba alisifiwa kijijini kwamba ameokoa watoto wasiumwe na mbwa mwenye kichaa.

Baba alitazama kidole changu, akatazama chupa, akamtazama Tomi. Uso wake ulibadilika rangi. Sijawahi kuona mtu mzima akishtuka vile, kama aliyepigwa na kitu kisichoonekana. Baba Wafula alielewa sekunde chache baadaye. Aliishusha fimbo yake polepole akailaza chini.

"Baba Nekesa," akasema, akimwita kwa jina langu, "kumbe yule mwingine pia."

Baba alimwambia mama alete sabuni ya kipande na maji, maji mengi. Akavaa mifuko ya nailoni mikononi, akamfunika Tomi kichwa kwa gunia, akamwosha. Baba yangu, ambaye hakuwahi kumgusa mbwa isipokuwa kwa kiatu, alipiga magoti kwenye matope ya maji ya sabuni, akamwosha paja, tumbo na makucha, akamsuuza, akaanza tena. Baba Wafula alikuwa anamwaga maji kwa jagi. Watu wa mahindi walisimama na hakuna aliyecheka.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki baada ya kupigiwa simu mara nne. Alimdunga Tomi sindano, akamtazama macho, akasema kuoshwa ndiko kulikomfikisha hadi hapo, na tungechelewa nusu saa angekuja kukuta ngozi tu. Akatoa funza waliobaki kwa kikoleo kidogo, akakata manyoya kando ya kidonda, akapulizia dawa ya zambarau. Alitukataza majivu, oili ya gari na dawa ya kupe. Maji yaliyochemka yenye chumvi kidogo, akasema, kitambaa safi kila siku, na mdomo wake usifike pale. Akakata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, akatoboa matundu, akamvisha Tomi shingoni kama kola.

Siku za kwanza Tomi alikuwa anagonga kila mlango. Kuku, waliomwogopa maisha yao yote, walikuja kumtazama kwa karibu. Alilala ndani ya stoo, mlango umefungwa nzi wasiingie, na baada ya wiki tatu paja lilikuwa na ngozi mpya ya waridi. Aliishi miaka mingine saba, akichechemea kidogo asubuhi za baridi.

Sikuchapwa. Baba hakulizungumza jambo hilo tena, si kwangu, si kwa mama. Lakini mimi nina langu ambalo hata yeye hajui. Siku ile ya Polisi nilikuwa nimekaa kizingitini na bakuli langu la nyoyo. Nilimwona Polisi akigeuza kichwa na kulamba ule weupe mgongoni, analamba na kupumzika, analamba na kupumzika, kama anayekunywa maziwa. Niliona ajabu. Baba alikuwa hatua tano kutoka nilipokuwa. Nilikuwa na miaka minane, nikaendelea kula.

Tunapenda kusema watoto wa leo wana mdomo. Ni kweli. Binti wa kaka yangu ana miaka sita na anaongea kama redio iliyopotea kitufe. Anamsahihisha mwalimu, anamsahihisha mchungaji, na enzi zetu angekuwa ameshazoea kulala kwa tumbo kwa sababu ya viboko. Mwezi uliopita baba, ambaye sasa ana mvi kichwa kizima, alikuwa anawapulizia ng'ombe dawa. Mimi nilikuwa nimeshika kamba, nikaona upepo unamrudishia dawa usoni, na nikawa nafikiria nianzeje kumwambia.

"Babu," yule mtoto akasema, "simama upande huu. Hiyo kitu inakuingia kwa macho."

Baba alisimamisha bomba. Nilikaza mkono kwenye kamba, nikingoja amkaripie. Akafuta uso kwa mkono wa shati, akazunguka upande wa pili wa ng'ombe.

"Asante, mama," akamwambia.

Nilikuwa na utoto mzuri, na nikipewa nafasi ningerudia mavuno yale, vumbi lile, hata mkebe uliokwama. Lakini pale kando ya ng'ombe, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, nilimwonea wivu mtoto wa miaka sita.