Kohoa, Mama!
Muuguzi wa wodi ya wanawake hapa Masisi hupima kibofu kwa kikohozi. Mama aliyepasuliwa fistula, ili mkojo usivuje tena, hunyweshwa maji, naye muuguzi humshika kiuno kwa mikono yake mipana na kupaza ile sauti ya kufukuzia ng'ombe: "Kohoa, Mama! Kohoa ya nguvu!" Asiyevuja hurudi kwake. Mama Uwitonze, aliyekuwa ameacha hata misa kwa aibu ya kulowana, alikohoa kidogo, kama anayeomba ruhusa. Mara bunduki zikalia mlimani, sote tukajitupa chini ya vitanda. Muuguzi akamtambalia, akapapasa kitenge chake.

"Mukavu! Mama, kesho unarudia kwako!"

Vigelegele vikapigwa sakafuni.

"Na haya mayi ni ya nani?" akauliza Uwitonze, akigusa maji yaliyotapakaa sakafuni kati yao.

"Ni yangu, Mama," akajibu muuguzi. "Miye bado kupasuliwa."