Hakupotea, Alichukuliwa

Sokoni anaitwa Mama Makoti kwa kuwa anauza makoti ya mtumba, na ana sheria moja ya biashara: usimwache mteja ataje bei kwanza. Akishaitaja, hata mkivutana mpaka jioni, mtakuwa mnabishana juu ya bei yake, si yako. Kwa sheria hiyo amesomesha watoto watatu na kuezeka nyumba.

Mumewe, fundi umeme na katibu wa kamati ya wapangaji, alikuwa na miezi saba hajulikani alipo siku Mama Makoti alipofunga meza na kwenda kwenye mafunzo ya siku tano ya watetezi wa haki za binadamu. Ukumbi ulikuwa juu ya duka la saruji: viti vya plastiki, ubao mweupe, na feni iliyolalamika kuliko walalamikaji wenyewe. Hakwenda kutafuta wa kumpangusa machozi. Alikwenda kujua hao wakubwa wa kimataifa wanaopelekewa malalamiko wanapokea nini na wanakataa nini.

Siku ya tatu, wakili aliyekuwa akiwafundisha, binti wa umri wa mwanawe wa kwanza, alimwomba kila mtu atoe karatasi zake. Mama Makoti akatoa nakala ya taarifa ya polisi. Wakili akaisoma mara mbili.

"Mama, hapa pameandikwa mume wako amepotea."

"Si hayupo?"

"Jana umetuambia watu wanne walimtoa nyumbani na pingu."

"Na redio za polisi kiunoni. Nimewaona kwa macho yangu haya."

"Basi hakupotea. Alitoweshwa. Anayepotea kapotea mwenyewe. Anayetoweshwa yuko aliyemtowesha. Tukipeleka malalamiko nje ya nchi, serikali itajibu kwa karatasi hii hii: mtu mzima kapotea, mkewe ndiye kasema."

Dereva wa lori aliyekaa nyuma akaguna. "Kumbe hata sarufi inafunga watu!"

Wachache walicheka. Mama Makoti hakucheka. Kwa mawazo alikuwa amerudi kaunta ya kituo cha polisi, miezi saba nyuma, siku ile ya tatu ya kuzunguka hospitali na mahabusu, miguu imevimba. Afande hakuinua hata kichwa. "Amepotea lini?" Naye akajibu: "Jumatatu." Yeye, wa kuachia neno la mtu lipite hivyo!

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kipindi, alikuwa kituoni. Afande alikuwa yule yule.

"Nina maelezo ya nyongeza. Andika: mume wangu ametoweshwa na maofisa wa serikali."

Afande akaweka kalamu chini. "Mama, unanitafutia nini? Hilo siandiki."

"Haya, basi andika alichukuliwa. Nyumbani kwake, saa kumi na mbili asubuhi, na watu wanne wenye pingu na redio. Ni wa nani, usiseme."

"Redio tuitoe."

"Nimekuachia serikali nzima, afande, unanibania redio?"

Afande alitazama mlangoni, kisha akaandika polepole. Mama Makoti akadai asomewe. Akasomewa. Akadai muhuri na nakala, akapewa.

Ukumbini, wakili aliipokea ile nakala kwa mikono miwili. "Hii tunaweza kusimama nayo. Ila nisikudanganye, mama. Jibu laweza kuchukua mwaka. Laweza lisije kabisa."

"Sijakuuliza jibu. Tuandike."

Walijaza fomu pamoja: tarehe, saa, nguo alizovaa, mguu mmoja ukiwa na kandambili na mwingine haukuwahi. Walipofika mahali pa shahidi, wakili akainua kalamu.

"Hapa tunaweza kuomba jina lako lifichwe. Ni haki yako, na ni salama zaidi."

"Walikuja mpaka mlangoni kwangu, mwanangu. Nimfiche nani?"

Akaivuta fomu, akaandika majina yake yote matatu.