Kipande cha Kwanza cha Mkate

Kwa miaka kumi na tisa Prudent Gadbois alikuwa kapteni wa mgambo katika parokia yake kando ya mto Richelieu, katika Kanada ya Wafaransa, na muda wote huo hakushinda vita vyovyote, vikiwemo vya nyumbani na mkewe, Scholastique. Barua ya uteuzi kutoka kwa Gavana Mwingereza aliitundika juu ya kitanda, sambamba na msalaba. Nje ya mlango ulisimama mti wake wa heshima: gogo refu la msonobari ambalo majirani walilichonga wakaliachia kishungi cha majani kileleni, kisha wakamsimikia. Lakini utamu wenyewe wa cheo ulikuwa Jumapili. Mkate wa baraka ulipopitishwa kanisani, kipande cha kwanza kilikuwa chake.

Vuli ya 1837 majirani wakaja na msumeno. Wote walivaa sufu iliyofumwa nyumbani, inayowasha kama upupu, maana tangu wasusie bidhaa za Waingereza, kitambaa chao kilikuwa kimegeuka dhambi. Prudent akawatokea na koti lake la Manchester.

“Kapteni,” akasema Amable Tétrault, fundi viatu, “mti huu tulimsimikia kapteni wetu. Wewe ni wa Gavana. Mrudishie karatasi yake, la sivyo tunaukata.”

“Gavana kanikosea nini mimi?”

Amable akamweleza: bunge linalopuuzwa, ardhi wanayogawiwa wageni, vyeo Waingereza wanavyopeana wenyewe kwa wenyewe. Prudent alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa maradhi ya shangazi wa mwenzake.

“Wape hiyo karatasi, mzee wangu,” Scholastique akasema kutoka dirishani. “Mti ukianguka, unaangukia kuku wangu.”

Barua ikarudishwa. Papo hapo wakachagua kapteni wa wananchi kwa kunyoosha mikono, wakamchagua Prudent, kwa kuwa ni yeye tu aliyekuwa na upanga. Mti ukabaki. Akawanywesha, kama desturi inavyotaka, akalala akijiona mjanja kuliko milki nzima ya Uingereza.

Jumapili padri, aliyekuwa amepokea waraka wa askofu wa kuhimiza utii kwa watawala, alimnong'oneza mgawa mkate. Sinia likampita Prudent. Kipande cha kwanza akapewa mwenye kivuko, mtu ambaye hakuwahi kumrudishia Gavana chochote kwa kuwa hakuwahi kupewa kitu. Prudent alifikiwa wa mwisho, na ganda tupu.

Watu walipotoka, alimshika Amable mkono wa sufu. Koti lake mwenyewe alikuwa amelivua.

“Hebu nieleze tena,” akasema. “Lile la bunge. Taratibu.”